Zile 37 kwa lita ziko wapi?

Jameni, tuache kubishana Aqua na Note e-Power kwa zile kilomita 37 kwa lita. Hiyo namba ilipimwa maabara Japani, si kwa jam ya Thika Road na AC imewashwa. Injini ya Note haisukumi magurudumu, inazalisha umeme tu, kwa hivyo ndani ya tao inang'aa. Ya Aqua inaweza kusukuma yenyewe, ndiyo maana safari ndefu mimi naichagua. Kama kila mwezi unaenda ocha Kisii, hilo si jambo dogo. Kabla uchukue mkopo, azima gari ya beshte: jaza tangi, endesha wiki nzima njia zako, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Namba ya dashibodi naiamini nusu.