Chujio la Dizeli na Mikono ya Wasomi

Wapo wageni wanaoendesha magari-nyumba ya dizeli kutoka Ulaya hadi kusini mwa Afrika, nao hupumzika Arusha. Chujio la mafuta likiziba, wengi wao hufungua boneti, hulibadilisha wenyewe, hunawa mikono na kuendelea na safari. Katika barabara hizohizo hupita gari la umma lenye injini ya jinsi ileile. Likizimika kwenye vumbi la Ngarenanyuki, msomi aliyemo atapiga simu na kusubiri.

Simsifu mgeni, maana kazi yenyewe haina siri. Injini ikipoa, unafungua chujio la zamani juu ya kidumu, unaupaka dizeli mpira wa chujio jipya, unalikaza, kisha unasukuma pampu ndogo ya mkono hadi iwe ngumu, ili hewa itoke. Katika injini za kisasa usimimine dizeli isiyochujwa ndani ya chujio jipya. Uchafu kidogo huua nozeli, na nozeli moja ni ghali kuliko machujio mengi. Mwisho unawasha na kukagua uvujaji. Basi.

Kinachonishughulisha ni kile kidumu. Mimina dizeli ya chujio la zamani katika chupa nyeupe, uiache itulie: maji, kwa kuwa ni mazito, yatakaa chini, na utaona ulichouziwa. Nchi hii inaujua ugonjwa huo. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Asiyewahi kushika chujio hupokea ankara ya gereji bila swali, na hana ushahidi wa kumpelekea mdhibiti.

Najua nitajibiwa kwamba utaratibu unataka magari ya Serikali yatengenezwe TEMESA. Utaratibu huo una hekima, hasa kwa anayekumbuka jinsi vipuri vinavyoyeyuka. Lakini kubadilisha chujio njiani si kufumua injini. Dereva apewe chujio la akiba, spana na daftari la kumbukumbu, na chujio la zamani lirudishwe likaguliwe. Gari linalopeleka chanjo kwenye zahanati za miteremko ya Meru halipaswi kulala njiani kwa kusubiri sahihi.

Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha katika mji huu Januari 1967, na Machi mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia shule inayomfundisha kijana kuidharau kazi ya mikono. Tulilolibakiza, nadhani, ni mnara. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, lakini hadi leo mzazi wa tabaka langu humwona mwanawe aliyepelekwa huko kuwa ameangukia pabaya. Kijana huyohuyo ndiye atakayeitwa usiku gari la baba likikataa kuwaka.

Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Wanafunzi wangu na watumishi wanaonisoma wana kazi moja wanayoweza kuianza wiki hii: waende katika shule ya amali iliyo karibu, waulize iwapo kuna injini ya dizeli ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuifungua, na jibu walifikishe kwa diwani kabla bajeti ya halmashauri haijapita.