Timu Unayoshabikia na Timu Iliyo Yako

Wewe ni wa timu gani? Ukiulizwa hivyo hapa Nairobi, Mombasa au Kisumu, jibu liko mdomoni: Arsenal, Man U, Chelsea. Unajua nani ana jeraha na kocha yupi kibarua chake kinakaribia kuota nyasi. Lakini swali likigeuzwa kidogo tu, liwe "timu gani ni yako?", wengi wetu tunabaki kukuna kichwa.

Ndiyo maana leo tunakupeleka Slaughtneil. Ni kijiji karibu na mji mdogo wa Maghera, kaunti ya Derry, Ireland Kaskazini. Usitarajie maghorofa. Ni nyumba zilizotawanyika vilimani, mashamba, na uwanja wa michezo. Kama ni ushago, huo ni ushago kamili.

Klabu ya hapo inaitwa Robert Emmet's, jina la mwanamapinduzi aliyenyongwa Dublin mwaka 1803 kwa kuasi utawala wa Waingereza. Michezo yao si ile tuliyoizoea. Kwenye kandanda ya Kigaeli, wachezaji ni 15 kila upande. Mpira unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa teke au ngumi. Ukiingia wavuni ni bao la pointi 3, na ukipita juu ya mwamba bado unahesabiwa. Kisha kuna hurling, inayochezwa kwa fimbo bapa na mpira mdogo mgumu unaoruka kwa kasi ya kutisha. Wanawake wanacheza camogie, ambayo ni ndugu wa hurling.

Sasa sikia hii. Mwaka 2016 klabu hiyo moja ya kijijini ilitwaa ubingwa wa Ulster, mkoa wenye kaunti 9, katika michezo yote mitatu. Wanaume wengi walikuwa kwenye vikosi viwili kwa wakati mmoja: wiki hii kandanda, wiki ijayo fimbo mkononi. Machi 2017 kina dada wa camogie wakabeba kombe la klabu bingwa ya Ireland nzima ndani ya Croke Park, uwanja wa Dublin unaomeza zaidi ya watu 80,000. Wakalibeba tena 2018, wakalibeba tena 2019. Wanaume wa kandanda nao walifika fainali Machi 17, 2017, wakapoteza kwa pointi 2 tu mbele ya Dr Crokes ya kaunti ya Kerry.

Na katika hao wote, hakuna anayelipwa mshahara wa kucheza. Chama kinachosimamia kandanda ya Kigaeli na hurling, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na mpaka leo wachezaji wake ni wa ridhaa. Anayeshangiliwa uwanjani Jumapili, Jumatatu yuko darasani akifundisha au yuko mjengoni. Hakuna soko la wachezaji pia. Kwa kawaida unachezea klabu ya kwenu, basi.

Hapo tunajua umeguna. Kijana wa mjini akisikia neno "kujitolea" anakumbuka ofisi iliyomtumikisha miezi 6 bila hata nauli, eti anapata tajriba. Una haki ya kuguna. Lakini tofauti ni moja, na ni kubwa: kule ofisini ulikuwa unajenga mali ya mtu mwingine. Mwanachama wa klabu ya GAA ana kura kwenye mkutano mkuu wa kila mwaka. Yeye na wenzake ndio wanaomchagua mwenyekiti na mweka hazina, na ndio wanaoulizia pesa zimeenda wapi. Mzee anayechora mistari ya uwanja, mama anayepika chai, binti anayefundisha watoto Jumamosi asubuhi, wote wanafanyia kazi kitu ambacho tajiri hawezi kuja kukinunua na kuwafungia lango.

Hatusemi kwamba huko maisha ni asali. Vijiji vingi vya Ireland vinapoteza vijana wanaofuata kazi Dublin, Boston na Sydney, na kuna klabu zimelazimika kuungana na jirani ili kupata wachezaji 15. Hata hivyo, wapo wanaorudi. Chrissy McKaigue alienda Australia kucheza kwa kulipwa katika klabu ya Sydney Swans. Alirejea nyumbani, akaichezea Slaughtneil kandanda na hurling.

Sasa turudi mtaani kwako. Timu ipo, vipaji vipo, lakini jezi zinaletwa na mheshimiwa wakati wa kampeni, na kura zikishahesabiwa yeye na mpira wake hawaonekani tena. Uwanja mnaochezea hauna hati mnayoijua, na siku moja mtaamka mkute umezungushiwa mabati. Mtapiga kelele kwenye mitandao siku mbili, kisha mtahamia kibanda cha kutazama mpira wa Ulaya.

Tatizo letu si umaskini peke yake. Wewe unayesoma hii huenda unachangia chama kila wiki, na unajua zamu ya nani imefika na nani hajalipa. Nidhamu hiyo hiyo haijaingia kwenye timu ya mtaa. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuomba kuona hesabu za timu, au kujua jina la nani liko kwenye hati ya uwanja?

Endelea kushabikia Arsenal. Raha ni yako. Ila wikendi hii, kabla ya mechi, pitia uwanja wa kwenu. Uliza timu imesajiliwa au la, ada ya mwanachama ni ngapi na mkutano mkuu ni lini. Ukiambiwa hakuna ada na mkutano haujawahi kuitishwa, basi kazi ya kwanza mmeshaipata: tafuteni daftari, mwandike majina, mpange siku ya kukutana.