Anayekaa Upande wa Kichwa

Na Bhoke Chacha

Siku ya tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji, mama mkwe alikuja kuniona. Alimpakata mtoto, akamhesabu vidole, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, hukusikia chochote?" Nikamwambia nilisikia mikono ikivuta, maumivu hapana. Akanyamaza. Kwa mama wa Kikurya wa umri wake hilo ni jambo zito. Kwetu maumivu ni mtihani. Kijana hutahiriwa akiwa amesimama, macho mbele, na ukope ukicheza tu ukoo mzima unajua. Binti naye, katika mila ambayo naomba ife kabisa, alidaiwa ukimya huohuo chini ya wembe wa ngariba.

"Sasa huyo aliyekuondolea maumivu ni nani?"

Daktari mpasuaji nilimwona macho tu juu ya barakoa. Yule mwingine nilikaa naye. Alikuwa muuguzi, mwenyewe mjamzito wa miezi sita hivi. Aliniketisha ukingoni mwa kitanda, akanikumbatisha mto, akaniambia nikunje mgongo kama paka aliyeshtuka, akachoma sindano. Miguu ikapata joto, ikawa mizito, ikapotea. Kisha akavuta kigoda upande wa kichwa changu na hakubanduka hapo. Presha iliposhuka alikuwa ameshaiona kabla sijafungua mdomo. Akafungulia maji ya dripu, akasukuma dawa kwenye mshipa, akanilaza kidogo kwa ubavu wa kushoto ili tumbo lisiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Jina lake sikuliuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Hospitalini wanamwita mtu wa usingizi. Mtaani tunasema nusu kaputi, na hiyo kaputi tuliachiwa na Wajerumani, kwa maana ya kitu kilichoharibika. Ndiyo maana huku kwetu Mara, Nyamongo au Natta, utakutana na mgonjwa asiyeogopa kisu hata kidogo, anayeogopa kutoamka. Simcheki. Kati ya kulala na kutoamka yuko mtu mmoja anayesikiliza pumzi.

Vitabu huanzia Boston, Oktoba 16, 1846, William Morton alipomvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na tarehe hiyo ndiyo siku ya taaluma hii duniani. Mimi ningeanzia ng'ambo ya Ziwa Victoria. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mama akizalishwa kwa upasuaji. Walimnywesha pombe ya ndizi mpaka akalegea, na kwa pombe hiyohiyo mpasuaji akanawa mikono na kumwosha tumbo. Mama alipona, mtoto pia. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, na jina lake linatajwa hadi leo. Majina ya wale waliofanya kazi hayatajwi.

Taaluma hii imewapokea wengi waliofungiwa milango kwingine. Mmarekani Virginia Apgar alisomea upasuaji, akashauriwa auache kwa kuwa mwanamke asingepata riziki humo. Akahamia usingizi, na mwaka 1953 akachapisha kipimo cha mtoto mchanga: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, misuli na pumzi. Alama ya Apgar inayoandikwa wodi ya wazazi, dakika ya kwanza na ya tano, wengi tunadhani ni kifupisho cha kidaktari. Ni jina la mwanamke wa usingizi.

Shirikisho la dunia la wataalamu hawa linataka madaktari wa usingizi wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000. Kwetu mzigo wameubeba wauguzi, wale waliokwenda kusoma mahali kama KCMC Moshi wakarudi. Wapo Wakurya, Wajaluo, Wangoreme, Wasukuma. Mchanganyiko huo nauthamini sana, maana bibi wa Kingoreme asiyejua Kiswahili lazima aelewe neno "usijitikise" kabla sindano haijagusa mgongo wake.

Na wembe wa ngariba, msimu wa ukeketaji wa Desemba, unawaongezea kazi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, kwa wanawake zaidi ya 28,000 wa nchi 6, jirani zetu Kenya wakiwemo, ulionyesha kwamba waliokeketwa huelekea zaidi kuzaa kwa upasuaji, na huelekea zaidi kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa. Binti anayekimbilia kituo cha Masanga au nyumba salama ya Mugumu anakimbia maumivu ya siku ile na ya miaka kumi mbele. Anayekatwa bila ganzi leo tutamtafutia ganzi kesho.

Vituo vya afya vimejengewa vyumba vya upasuaji, na nimefurahi. Lakini jengo halimlazi mtu usingizi. Mwenye kazi hiyo akiwa peke yake, analala na simu sikioni, na akiugua malaria kisu kinasubiri, ama mama anapakiwa kwenye gari la wagonjwa usiku. Madiwani wa Nyamwaga na Mugumu, kabla ya kupitisha ukuta mwingine, pitisheni mtu wa pili wa usingizi kwa kila chumba. Tarime ina fedha za mgodi wa North Mara, zile za wajibu wa mgodi kwa jamii. Zilipe ada ya muuguzi wetu mmoja, arudi na ujuzi, kisha zilipe ya mwingine.

Mama mkwe alinisikiliza nikimweleza habari za yule muuguzi, pamoja na mimba yake. Akamgeuza mtoto begani.

"Na siku yake ikifika," akauliza, "nani atakaa upande wa kichwa chake?"