Wazee wa kanisa si waajiri wa mchungaji



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni kuhusu jambo linalosumbua sharika nyingi za vijijini, nalo ni kazi ya wazee wa kanisa wakati mchungaji mpya anapotafutwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ni katibu wa baraza la wazee, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Kwanza ieleweke kwamba katika makanisa mengi ya Kiprotestanti hapa nchini, kama vile KKKT, Anglikana na Moravian, usharika hauajiri mchungaji. Anapangwa na dayosisi au jimbo. Lakini ujumbe wa wazee ukifunga safari hadi makao makuu na barua yenye mhuri, barua ile ina uzito. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Mchungaji wetu alipostaafu, tuliambiwa angekuja kijana fulani. Sisi wazee tukakutana usiku nyumbani kwa mwenzetu mmoja. Siku tatu baadaye barua ilikuwa mezani kwa wakubwa, ikisema washarika wote kwa kauli moja hawamtaki. Barua hiyo niliiandika mimi, maana mwalimu ndiye mwenye hati nzuri. Hakuna msharika hata mmoja aliyekuwa ameulizwa. Sababu tuliyoandika ni umri wake. Sababu yenyewe ni kwamba huko alikotoka alidai daftari za mavuno zikaguliwe.

Akapelekwa kwingine. Sisi tukakaa miezi 11 bila mchungaji. Wa usharika wa jirani alikuja kwa pikipiki Jumapili moja kwa mwezi, na mto ukijaa haji. Watoto wa kipaimara, wengi wao wanafunzi wangu, wakasubiri. Mama mmoja mjane aliniuliza ni nani hasa aliyemkataa yule kijana. Nilitazama chini.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma habari za Kanisa la Uskoti, ambalo wamisionari wake ndio waliopanda utaratibu wao wa wazee huko Kikuyu nchini Kenya na Blantyre nchini Malawi. Mwaka 1712 Bunge la Uingereza liliwarudishia mabwana wenye ardhi haki ya kuleta mchungaji wamtakaye. Mwaka 1834, huko Auchterarder, bwana mmoja alimleta Robert Young. Waumini wawili tu ndio waliotia sahihi kumkubali. Wakuu wa familia 287 kati ya 330 walimkataa. Mahakama ikampa haki yule bwana. Ugomvi ukakua hata Mei 1843 wachungaji zaidi ya 470 wakaacha nyumba na mishahara yao, wakaanzisha Kanisa Huru. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1874. Siku hizi kule, usharika ukikosa mchungaji, waumini wenyewe huchagua kamati ya kumtafuta. Mzee huingia akichaguliwa kama muumini mwingine yeyote. Anayependekezwa huhubiri mbele ya watu, kisha hupigwa kura ya siri.

Sisemi tuige kila kitu. Utaratibu wetu wa kupanga wachungaji una faida kubwa, kwani usharika maskini nao hupata mchungaji. Kila usharika ungejitafutia wake, wengi wangekimbilia mjini. Tena kura za kanisani zinaweza kutuletea kampeni na ukabila, navyo tunavijua. Lakini Waskoti walikuwa na bwana wa kupigana naye. Sisi hatuna bwana yeyote, ila wazee tumejifanya mabwana wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wazee wamechaguliwa na washarika, basi wanawasemea. Sikubali. Hata ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kuigawa bila kibali cha Mkutano Mkuu, ingawa nayo imechaguliwa. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 6, mitume hawakuwateua wale saba wao wenyewe. Waliwaachia waumini wachague, kisha wao wakawawekea mikono.

Kazi ya mzee ni kuitisha mkutano, kueleza dayosisi ukweli wa mapato na mahitaji ya usharika, na kuhakikisha nyumba ya mchungaji haivuji. Yetu ilivuja miezi yote 11 na hakuna kikao kilichoitishwa usiku kwa ajili ya bati.

Naomba wakuu wa makanisa wasipokee barua ya kumkataa wala kumwomba mchungaji bila muhtasari wa mkutano wa washarika, wenye idadi ya waliohudhuria na waliokubali. Barua ya wazee peke yao irudishwe ilikotoka.

Sasa mchungaji mpya amefika, na wiki ya pili tu naye ameulizia daftari za mavuno. Wazee wenzangu wameshanijia kuuliza kama karatasi ninazo. Nimewajibu kwamba ninazo, lakini sitaandika neno mpaka tangazo la mkutano lisomwe kanisani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi
(Jina na anwani anavyo Mhariri)