Mnyama wa Kuogopwa Sarang'ombe Si Simba

Februari 2016 simba walitoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na habari kwamba wameonekana upande wa Kibera zikatapakaa jiji zima. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilituma askari na madaktari wa wanyama kuwasaka. Ilikuwa haki yao. Lakini ni nani aliyewahi kutumiwa kikosi kwa sababu ya mbwa anayelala kwenye jaa la taka Gatwekera, Sarang'ombe, humo humo Kibera?

Tumewalea watoto wetu wakiamini kwamba hatari ina manyoya shingoni na inaishi porini. Imani hiyo inaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa. Kwa Kenya, makadirio hufika watu 2,000. Simba hawakaribii hata kidogo.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi kifo hicho kinavyotuhadaa. Mbwa humng'ata mtoto, kidonda kinapakwa pilipili au majivu, kinapona, mama anashukuru Mungu. Kumbe virusi vinasafiri polepole kwenye neva kuelekea ubongoni. Wiki au miezi baadaye mtoto anashindwa kumeza maji, na hapo daktari hana la kufanya. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mara nyingi huumwa usoni au kichwani, ambako safari ya virusi ni fupi. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote za chanjo zikamilishwe. Chanjo hii ipo tangu Louis Pasteur alipoijaribu mwaka 1885!

Wapo wanaosema tuwaue mbwa koko wote. Wanakosea vilevile. Taka zikibaki, wengine watakuja, tena wasiochanjwa. Kinachokata maambukizi ni kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka. Pemba walichanja mbwa wao na ugonjwa ukatoweka kisiwani.

Serikali ya Kenya iliahidi mwaka 2014 kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Basi kaunti ilete madaktari wa mifugo na sanduku la chanjo pale Olympic, Sarang'ombe, Jumamosi watoto wakiwa nyumbani, na kila mbwa atakayeletwa kwa kamba achanjwe bila mwenyewe kutozwa hata shilingi.