Radiamu si Radi

Tarehe 28 Novemba 2016, IUPAC, muungano wa kimataifa wa wanakemia, ulipitisha majina ya elementi nne zilizotengenezwa maabarani: nihonium, moscovium, tennessine na oganesson. Wanakemia walitazama namba zake: 113, 115, 117 na 118. Sisi wa isimu tutazame mikia.

Majina ya zamani, kama kaboni, yalijiendea. Elementi mpya zina kanuni: za kundi la 17, ukoo wa klorini, huishia -ine, za kundi la 18, ukoo wa neoni, huishia -on, zilizobaki zote -ium. Hizo ni ngeli, ila zetu hukaa mwanzoni mwa neno na zao mwishoni.

Majina hayo yakiingia katika Kiswahili, hukuta njia mbili. Ya kwanza hukata -um: uranium imekuwa urani, plutonium imekuwa plutoni. Ya pili huuacha mkia na kuupa irabu: sodiamu, kalsiamu. Wengi huona ni suala la mazoea tu. Mimi nasema kwa majina mapya tufuate ya pili. Ukikata nihonium unapata nihoni, na mwanafunzi ataipanga pamoja na neoni na argoni, hali ni ya kundi la 13, ukoo wa alumini. Ukikata radium unapata radi, na radi tunaijua: hupiga miti na nyumba.

Radiamu si jambo la mbali na Likasi. Ndiyo iliyotafutwa kwanza Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka hapa, na kuanzia miaka ya 1920 mawe ya huko yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ili itolewe humo. Baadaye urani ya machimbo hayohayo ilitumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mpaka leo mtoto wa hapa husoma habari hizo kwa Kifaransa. Akifika nyumbani hana maneno ya kumweleza mama yake.

Kuna watakaosema -ium ni Kilatini, kwa nini tuubebe? Wajapani wametujibu. Walipopewa haki ya kuita elementi 113, walichukua Nihon, jina la nchi yao kama wanavyolitamka wenyewe, wakalivika mkia wa wote. Kwao huitwa nihoniumu, na irabu mwishoni, kama ambavyo ulimi wetu ungefanya.

Basi tuseme nihoniamu, moskoviamu, tenesini, oganesoni. Urani imekwisha kuzoeleka, iachwe. Elementi zote ni 118. Wanafunzi wa kitivo chetu wakikaa na wenzao wa kemia, orodha hiyo inaweza kumalizika kabla ya mitihani, kisha walimu wetu waikosoe.