VIJANA WAPANGAJI WA ILULA

Ilula ni mji wa nyanya na vitunguu, na vijana wengi wanaokuja hapa kutafuta kazi hulala katika vyumba vya kupanga. Fedha yao huja na mavuno, bali kodi mara nyingi hudaiwa ya miezi sita mbele. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Ngao ya mpangaji leo ni mkataba.

Basi twasema: kijana asitoe hata senti bila maandishi na stakabadhi, na balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Wenye nyumba ni ndugu zetu. Hatuwapigi vita, twataka haki. Ni uhuru gani wa kijana anayetupiwa godoro nje usiku? Umoja ni nguvu!